Kobalti ya Kongo na Lugha ya Bei

Katika machimbo ya Kolwezi, nchini Kongo, wachimbaji huitana kwa Kiswahili. Lakini lugha rasmi ya serikali, na ya sheria za madini yao, ni Kifaransa.

Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani, madini yatumikayo katika betri za magari ya umeme. Sehemu kubwa husafishwa China. Wako wadhanio kwamba mwenye madini adimu ndiye atakayeipa dunia lugha yake. Historia yakanusha. Soko la metali la London lilianzishwa mwaka 1877. Shaba haikuchimbwa mjini humo, ila bei ilipangwa humo, na Kiingereza kikatawala biashara hiyo. Ni dhahiri, basi, kwamba lugha haifuati shimo. Humfuata apangaye bei.

Mwezi Februari 2025 Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na Oktoba ikaweka mgao. Hiyo ni hatua ya kwanza. Hatua kubwa zaidi ni kusafisha madini nyumbani, na kuandika mikataba kwa lugha aielewayo mchimbaji. Asiyeweza kuisoma hati ya mali yake atabaki kibarua juu ya ardhi yake mwenyewe.