Rekodi Tisa za Wachezaji Wetu Ughaibuni: Kutoka Kirumba hadi Mexico

Mwanza ni jiji la mpira. Pamba, maarufu kama TP Lindanda au Wana Kawekamo, iliwahi kuichapa Anse Boileau ya Shelisheli mabao 12-1 katika Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1990. Baadaye ikashuka daraja, ikakaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miongo miwili, mpaka ilipopanda tena mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Miaka hiyo yote vipaji vya Kanda ya Ziwa havikukauka. Vilitafuta njia nyingine: Bukoba, Dar es Salaam, kisha nje ya nchi.

Mchezaji wetu akisajiliwa nje, uwanja wa ndege hujaa kamera na maua. Akitoka ligi kubwa kwenda ligi isiyovuma, vijiwe huanza kunong'ona: huyo amekwisha. Mimi nasema tunawapima vibaya. Kufika ni jambo kubwa, lakini kudumu ni kubwa zaidi. Mchezaji anayeendelea kulipwa kwa kazi ya miguu yake huko Ugiriki, Oman au Mexico, mwaka baada ya mwaka, ameshinda mtihani uliowashinda wengi wenye kipaji kama chake. Rekodi hizi tisa nimezipanga kwa jicho hilo.

1. Aliyefungua mlango wa Ulaya: Sunday Manara

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mpira wetu ulikuwa wa ridhaa na mchezaji akiishi kwa ajira ya shirika la umma, Sunday Manara wa Yanga, aliyejulikana kwa jina la "Kompyuta", alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles ya mji wa Almelo. Anatambuliwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa barani Ulaya. Hakuishia Uholanzi, kwani alicheza pia Marekani na Austria. Hapakuwa na wakala wa kumshika mkono wala simu ya mkononi ya kupiga nyumbani usiku wa baridi. Kila aliyevuka baada yake alipita mlango alioufungua yeye.

2. Mwana wa Mwanza aliyefunga zaidi: Mrisho Ngassa

Mrisho Ngassa alizaliwa Mwanza mwaka 1989, mtoto wa Khalfan Ngassa aliyeichezea Pamba. Mpira aliukuta nyumbani. Alipitia Kagera Sugar, timu ya upande wa pili wa ziwa, kabla ya Yanga kumchukua. Mwaka 2010 Azam ilimsajili kwa dau lililovunja rekodi ya usajili wa ndani kwa wakati huo.

Kwa Taifa Stars alifunga mabao 25, na kwa miaka mingi hakuna aliyemfikia. Mabao matano kati ya hayo aliyafunga katika mechi moja: Desemba 2012 jijini Kampala, Tanzania Bara ilipoifunga Somalia 7-0 katika Kombe la Chalenji. Mbio zake pembeni mwa uwanja ziliwatoa jasho mabeki wa ukanda mzima.

Safari yake ya nje ilianza kwa majaribio. Mwaka 2009 alikwenda West Ham ya Uingereza. Julai 2011 alivaa jezi ya Seattle Sounders ya Marekani katika mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United, mechi ambayo wenyeji walilala 7-0. Mikataba haikuja. Kwa wengi hapo ndipo hadithi ya nje ingekwisha, lakini Ngassa hakukata tamaa. Mwaka 2015 alijiunga na Free State Stars ya Afrika Kusini, na mwaka uliofuata akaenda Fanja ya Oman. Kisha akarudi kucheza Mbeya City, Ndanda na Yanga.

Wanaosema kwamba alistahili makubwa zaidi wana hoja. Lakini ukimtazama kijana wa Mwanza aliyekataliwa Ulaya na Marekani, kisha akapata kazi Bethlehem ya Afrika Kusini na baadaye Oman, unaona moyo wa kupigiwa mfano.

3. Aliyepanda juu kuliko wote: Mbwana Samatta

Hapa hakuna ubishi. Samatta, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2015 alitwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao saba, na Januari 2016 akakabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka kwa wanaocheza ndani ya Afrika. Mwezi huohuo alikwenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao zaidi ya ishirini ya ligi, Genk ikawa bingwa, naye akapewa tuzo ya Kiatu cha Ebony, anayopewa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika nchini humo.

Septemba 2019 alifunga dhidi ya Salzburg, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Novemba alifunga tena, safari hii Anfield dhidi ya Liverpool. Januari 2020 Aston Villa ilimsajili. Februari 1 akaifunga Bournemouth, na hivyo akawa Mtanzania wa kwanza kufunga katika Ligi Kuu ya England. Machi 1 akaifunga Manchester City kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley, ingawa Villa ilipoteza 2-1.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Alipoondoka Villa mwaka huohuo, wengi walimhesabu kuwa ameshuka. Akacheza Fenerbahçe ya Uturuki, akarudi Ubelgiji na Antwerp, akarejea Genk, akaenda PAOK ya Ugiriki na kuwa bingwa wa nchi hiyo msimu wa 2023/24. Mwaka 2025 akasajiliwa na Le Havre ya Ufaransa. Ameshacheza ligi za nchi sita nje ya Tanzania. Kupata mkataba Ufaransa ukiwa na umri wa miaka 32 ni ushahidi wa nidhamu ya chakula, usingizi na mazoezi, mambo ambayo mashabiki hawayaoni kwenye televisheni.

4. Aliyefunga katika fainali tatu za Afrika: Simon Msuva

Tanzania imecheza fainali za Mataifa ya Afrika mara nne tu: Nigeria 1980, Misri 2019, Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024 na Morocco mwishoni mwa 2025. Msuva amefunga katika zote tatu za karibuni: dhidi ya Kenya, Zambia na Uganda. Hakuna Mtanzania mwingine mwenye rekodi hiyo.

Kwa klabu, njia yake imepita Uarabuni na Afrika Kaskazini. Alitoka Yanga mwaka 2017 kwenda Difaâ El Jadidi ya Morocco, kisha akawa bingwa wa nchi hiyo akiwa na Wydad Casablanca. Baadaye alicheza Saudi Arabia, Algeria na Iraq. Ni ligi ambazo redio zetu hazizitangazi, lakini zimemlisha na kumweka tayari kwa taifa lake.

5. Mrefu zaidi, na aliyechaguliwa mapema zaidi: Hasheem Thabeet

Tutoke kidogo kwenye soka. Juni 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, akiwa wa pili katika orodha nzima ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Aliyemtangulia ni Blake Griffin pekee. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo, na alizichezea pia Houston, Portland na Oklahoma City, alikomaliza mwaka 2014.

Alibeba lawama nyingi, kwa sababu aliyechaguliwa wa pili hutarajiwa kung'ara mara moja. Angeweza kukaa nyumbani. Badala yake alikwenda Japani kuichezea timu ya Yokohama, kisha Taiwan, ambako urefu wake na uwezo wa kuzuia mipira langoni mwa kikapu vilithaminiwa. Kwa mwanamichezo wa Tanzania, huo ndio mfano ulio wazi zaidi wa mtu aliyeonja ligi kubwa kuliko zote, kisha akaendelea na kazi yake mbali bila kuona haya.

6. Wa kwanza katika Ligi Kuu ya Marekani: Nizar Khalfan

Nizar Khalfan, kiungo kutoka Mtwara, alipitia Kuwait na Lebanon kabla ya kutua Vancouver Whitecaps ya Canada mwaka 2009. Klabu hiyo ilipoingia MLS mwaka 2011, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo.

7. Shule iliyofungulia wasichana dunia: Alliance ya Mwanza

Kama ningeambiwa nichague rekodi moja ya kujivunia hapa Mwanza, ningechagua hii. Alliance ni shule, na timu yake ya wanaume ilifika Ligi Kuu mwaka 2018 kabla ya kushuka 2020. Lakini zawadi yake kubwa kwa taifa imetoka Alliance Girls.

Aisha Masaka alipita hapo. Mwaka 2020 alikuwa mfungaji bora wa mashindano ya COSAFA ya wasichana chini ya miaka 17, ambayo Tanzania ilitwaa ubingwa. Mwaka 2022, akitokea Yanga Princess, alisajiliwa na BK Häcken ya Sweden, na akiwa huko akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa wanawake. Mwaka 2024 Brighton ya England ikamchukua.

Enekia Kasonga naye ni zao la Alliance Girls. Oktoba 2021 bao lake pekee dhidi ya Malawi liliipa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, ubingwa wa COSAFA nchini Afrika Kusini. Baada ya hapo amecheza Morocco, Saudi Arabia na Mexico, akiwa na Mazatlán. Mabinti wawili waliopita shule moja ya Mwanza wamefika mabara matatu nje ya Afrika. Kinachowatofautisha na vipaji vilivyopotea mitaani ni kwamba walipata mahali penye darasa, kocha na ratiba.

8. Mwenye pasipoti iliyojaa mihuri: Opah Clement

Opah, nahodha wa Twiga Stars, alitoka Simba Queens kwenda Uturuki, akaenda China kuichezea Henan, kisha Juárez ya Mexico, klabu ambayo Mtanzania mwenzake, beki Julietha Singano, alitangulia kuichezea tangu 2022. Julai 2025, katika fainali za Afrika nchini Morocco, Opah aliifunga Afrika Kusini na Tanzania ikatoka sare ya 1-1 na timu iliyokuwa ikitetea ubingwa.

9. Majirani wa ng'ambo ya ziwa waliotangulia

Maji haya tunayachangia na Kenya na Uganda, na rekodi zao zinatufundisha. Mike Okoth Origi wa Kenya, baba wa Divock Origi, alikuwa bingwa wa Ubelgiji akiwa na Genk mwaka 1999. Miaka ishirini baadaye Samatta alitwaa ubingwa huohuo, katika klabu ileile. Majid Musisi wa SC Villa ya Kampala alisajiliwa na Rennes ya Ufaransa mwaka 1992, kisha akacheza Uturuki na hata Vietnam. Tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika ilipotoka mikononi mwa Samatta, ilikwenda kwa kipa wa Uganda, Denis Onyango, mwaka 2016. McDonald Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, na mdogo wake, Victor Wanyama, baada ya Southampton na Tottenham, alicheza Montreal kwa miaka kadhaa kisha Dunfermline ya Scotland. Ndugu hao wawili walifika kileleni, na mdogo hakuona aibu kuendelea kazi ngazi za chini.

Tunachopaswa kufanya

Ukizisoma rekodi hizi kwa pamoja, utaona kwamba waliodumu wana mambo manne yanayofanana: walianza na timu yenye utaratibu, walikubali kuhama mapema, hawakudharau ligi ndogo, na waliulinda mwili. Hata Taifa Stars ilipovuka hatua ya makundi ya fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, Morocco, kikosi kilitegemea watu waliozoea kucheza ugenini.

Kwa hiyo naziomba klabu za Kanda ya Ziwa, Pamba Jiji ikiwa mbele, ziwe na timu za vijana zenye shule ndani yake, wavulana na wasichana. Wazazi, msimkataze mtoto mpira, lakini msimruhusu aache darasa, kwa sababu mkataba wa Uturuki hausomwi kwa miguu. Kijana unayefanya mazoezi Nyamagana leo, usisaini karatasi ambayo mwanasheria hajaisoma, weka akiba tangu mshahara wa kwanza, na ukipata nafasi Oman au Iraq, nenda. Nasi mashabiki tuache kusema "amekwisha" juu ya mtu ambaye bado analipwa kufanya kazi yake.