Kunyimwa hifadhi Kenya si mwisho, ila siku ni 30 tu

Barua ya kukataliwa ikifika, kuna wanaoikunja na kuitia mfukoni. Hapo ndipo kosa huanzia. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inampa mwomba hifadhi siku 30 kukata rufaa mbele ya Kamati ya Rufaa. Akishindwa hapo, bado ipo Mahakama Kuu.

Na pesa za wakili je? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi kati ya wanaostahili kusaidiwa. Jijini Nairobi, mashirika kama Kituo Cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya hutoa msaada huo bure. Kituo hicho ndicho kilichokwenda kortini, na mwaka 2013 Jaji David Majanja akazuia mpango wa serikali wa kuwahamishia kambini wakimbizi wanaoishi mijini.

Lakini kesi inaweza kuharibika mapema zaidi, kwenye mahojiano. Mtu katoka Bukavu, anaulizwa tarehe, anababaika. Au mkalimani anapindisha maneno. Tofauti hiyo ndogo inaingia kwenye faili, na baadaye inasomeka kama uongo. Wakili anapomwandaa mteja hamtungii hadithi. Humsaidia kupanga matukio yalivyofuatana, na humwambia aseme palepale akiona yeye na mkalimani hawaelewani.

Kuhusu madalali wanaouza "karatasi za haraka": kujiandikisha kama mwomba hifadhi hakulipiwi hata shilingi moja.