Je, Wajua? Mgori, Msitu Uliorudi Mikononi mwa Wenyewe

Je, wajua kwamba msitu wa Mgori, mkoani Singida, ulikuwa mbioni kufanywa hifadhi ya serikali? Mwaka 1995 mambo yakageuka: vijiji vitano, vikiwemo Ngimu, Pohama na Mughunga, vikakabidhiwa takribani hekta 40,000 za miombo. Kila kijiji kikapata eneo lake, sheria ndogo zake na walinzi wake.

Je, wajua kwamba Sheria ya Misitu iliyotambua misitu ya vijiji ilipitishwa mwaka 2002? Mgori ilitangulia kwa miaka saba, na msitu wa Duru-Haitemba, Babati, ulitangulia pia.

Je, wajua kwamba miti mingi ya miombo ikikatwa haifi? Chini ya kisiki mizizi ingali hai, na mvua zikinyesha machipukizi huchomoza pembeni. Adui wa machipukizi hayo ni moto wa mwisho wa kiangazi, majani yanapokuwa makavu kabisa. Moto ukizuiwa na shoka likitulia, msitu hujirudisha wenyewe bila kitalu wala mche wa kununua.

Je, wajua uvumilivu wa mninga? Mche wake hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena masika, mwaka baada ya mwaka, huku ukijenga mzizi mnene ardhini. Ndipo hatimaye shina hupanda. Atakayeung’oa na mzizi akidhani ni jani tu ameua mbao za wajukuu zake.

Je, wajua kwamba mzinga wa gome huua mti? Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, chakula kutoka majanini hakifiki tena kwenye mizizi. Mzinga wa mbao hutoa asali, na mti ukabaki.

Je, wajua kwamba tembo wa savana, mkazi wa miombo, aliwekwa mwaka 2021 katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka?

Je, wajua kwamba huko Shinyanga, ngitili za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, zilifufua zaidi ya hekta 300,000 tangu mwaka 1986, na watafiti wakahesabu humo aina 145 za ndege?

Ndugu msomaji, ukisafisha shamba msimu huu, using’oe kila kisiki. Chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, punguza mengine, kisha yalinde dhidi ya mbuzi na moto.