Kasoro Zinazoujengea Mchezo wa Video Sifa Yake

Mbinu zilizopitwa na wakati katika michezo ya video huhesabiwa mara nyingi kuwa kasoro tupu. Resident Evil, mchezo wa kutisha uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1996 kwa mashine ya PlayStation, wadhihirisha kinyume chake.

Mashine hiyo haikuwa na nguvu ya kuchora jumba zima kinaganaga kila mara. Kwa sababu hiyo vyumba vilitayarishwa mapema kama picha zisizosogea, na kamera ikafungwa mahali pamoja. Hivyo mchezaji husikia nyayo za adui asiyemwona. Mlango hufunguka polepole wakati diski inaposomwa, na kungoja huko huzaa hofu. Mhusika hana budi kugeuka kwanza ndipo aende mbele. Kukimbia kwake ni kazi.

Toleo la mwaka 2015 liliruhusu pia mwendo mwepesi wa kisasa. Kumkwepa adui kukawa rahisi, lakini vyumba vile vile, vilivyopangwa kwa mwendo mzito, vikapungua kutisha. Yafaa basi kutambua kazi ya kasoro kabla ya kuiondoa.