Kufundisha Umeme kwa Mota Kuukuu ya Gari

Mwanachuo aliyepangiwa mada ya umeme katika mazoezi ya kufundisha hutuuliza mara kwa mara atapata wapi vifaa, hali shuleni hamna hata kipande cha waya. Twamshauri apite kwanza katika gereji iliyo karibu. Humo, miongoni mwa vipuri vilivyowekwa kando, huenda akaiona mota ya feni ya kiyoyozi iliyotolewa katika gari kuukuu. Lakini hatuna budi kwanza kuelewa ni kwa nini mota hutolewa, maana hapo ndipo penye somo.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Feni ya gari tulilokuwa tukilitumia ilikataa kuzunguka isipokuwa swichi ilipofikishwa kwenye kasi ya mwisho. Tulinunua mota nyingine, tukaifunga, na hali ikabaki ile ile. Mota ya zamani haikuwa na ubaya wowote. Kilichoungua kilikuwa rezista. Katika magari mengi ya zamani, umeme wa kasi za chini hupitishwa katika rezista ili upunguzwe, bali ule wa kasi ya mwisho huikwepa na kwenda kwenye mota moja kwa moja. Dalili yenyewe ilikuwa ikitueleza kwamba mota ni nzima, nasi hatukuisoma. Fedha zikapotea.

Endapo feni haizunguki katika kasi yoyote, fyuzi ndiyo ya kutazamwa kwanza. Fyuzi ikiwa nzima, ichomolewe plagi ya mota, swichi iwekwe kwenye kasi ya mwisho, na taa ya majaribio ya volti 12 igusishwe kwenye ncha mbili za plagi. Taa ikiwaka vizuri, umeme unafika, na lawama ni ya mota. Mara nyingi brashi zake za kaboni zimelika. Taa isipowaka, kununua mota ni kubahatisha.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ndogo. Katika magari mengi yenye usukani upande wa kulia, kama yatumikayo kwetu Afrika Mashariki, mota hukaa chini ya dashibodi upande wa kushoto, nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Gari huzimwa, waya wa hasi wa betri hufunguliwa, kisanduku huondolewa, kisha plagi na skrubu, ambazo aghalabu ni tatu. Mota hushuka pamoja na gurudumu lake la mapezi, na pengine rundo la majani makavu. Mabomba ya gesi ya kupozea hayaguswi kamwe. Mota hii haitengenezi baridi, husukuma hewa tu.

Sasa twende darasani. Mota ijaribiwe kabla ya siku ya somo, kwani baadhi hutolewa zikiwa nzima, kwa kosa kama letu. Ifungwe imara juu ya ubao, maana huruka inapoanza kuzunguka. Iunganishwe kwa mfululizo na balbu ya taa ya mbele ya gari, yenye wati 55, kisha na betri ya gari. Betri za tochi hazitoshi. Balbu hiyo ni kinga pia: nyaya za mota zikigusana kwa bahati mbaya, balbu huwaka tu badala ya nyaya kuungua. Hata hivyo hupata joto kali, na watoto wasiiguse.

Mwalimu asiseme lolote kwanza. Mota itazunguka polepole na balbu itawaka. Awaulize wanafunzi: kwa nini mota haina nguvu? Tumewaona wanachuo wakishindwa kuvumilia kimya cha nusu dakika, wakatoa jibu wenyewe, na somo likafa papo hapo. Mtoto atakayesema kwamba balbu inapunguza umeme wa mota amekwisha kuigundua rezista, ingawa hajapata kulisikia jina lake.

Kisha nyaya mbili za mota zibadilishane nafasi. Gurudumu litazunguka kinyume. Wengi watatarajia upepo uvutwe ndani, lakini gurudumu la aina hii hutupa hewa kuelekea nje liendapo upande wowote; lizungukapo kinyume hupuliza kwa udhaifu tu. Mwache kila mtoto asogeze karatasi nyembamba karibu na mapezi ajionee. Vidole, nywele ndefu na ncha za kanga vikae mbali.

Hatimaye mwalimu aichomoe balbu kwa siri, akiishika kwa kitambaa, na kuirudisha saketi mbele ya darasa ikiwa imekufa. Awape wanafunzi taa ya majaribio, aketi nyuma, na awaache waitafute kasoro.