Mzizi Usipopumua, Chumvi Hupanda (Sehemu ya Pili)

Katika bonde la Rufiji, mkulima hungoja mto umpe ruhusa ya kupanda. Maji ya masika yakishafurika na kurudi mtoni, huacha tope lenye rutuba na unyevu wa kutosha, na hapo ndipo mahindi ya mlau hutiwa ardhini. Mvua isiponyesha tena, si neno; unyevu uliobaki huweza kuyafikisha kwenye kuzaa. Ustadi wote wa mlau umo katika kujua maji yameondoka kiasi gani. Ukiwahi, mbegu huozea topeni. Ukichelewa, tope hukauka, likapasuka na kuwa gumu kama tofali.

Hesabu hiyo ilivurugika Aprili 2024, mafuriko yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mahindi na mpunga pamoja. Mimea hiyo miwili hukaa jirani, tena mara nyingi katika shamba la mtu mmoja, lakini mpunga huweza kusimama majini wiki nzima na zaidi bila shida. Mhindi mchanga uliozama wote hupewa siku mbili hadi nne tu, na kukiwa na joto hata siku hizo hupungua.

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi mhindi unavyostahimili ukame. Leo ni kinyume chake: maji yakizidi, na yakija na chumvi.

Kwanza ni hewa. Mzizi hupumua kama kiumbe mwingine yeyote, na hewa yake huipata katika vijitundu vilivyomo kati ya chembe za udongo. Maji yakituama, vijitundu hivyo hujaa. Oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani, kwa hiyo ile kidogo iliyomo hutumiwa na mizizi na vijidudu vya udongo, na kwa siku moja au mbili huwa imekwisha. Kutoka hapo mzizi huishi kwa njia ya kilevi: huchachusha sukari, kama togwa linavyogeuka pombe. Njia hiyo ni ya hasara kubwa. Molekuli moja ya sukari ambayo ingeupa mmea vipimo 30 na ushei vya nishati sasa huupa viwili tu.

Hata hivyo, bila njia hiyo mambo yangekuwa mabaya zaidi. Mwaka 1969 mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Drew Schwartz, alionyesha kwamba mahindi yaliyokosa kimeng'enya cha kutengenezea kilevi hufa haraka yakizamishwa, ilhali ndugu zao walio nacho huponea. Tangu hapo mhindi umekuwa mmoja wa mimea inayochunguzwa sana na watu wanaotaka kujua jinsi jani na mzizi vinavyoishi bila hewa.

Kuna na ufundi mwingine, na huu unaweza kuonekana kwa macho. Ng'oa mhindi uliokaa kwenye maji ya kina kifupi kwa wiki moja, uoshe, kisha ukate kwa wembe mzizi mmoja mpya kwa upande wa mapana. Ukiwa na lenzi ya kawaida ya mkononi utaona mzizi huo hauna nyama tele kama mizizi ya shamba kavu. Una matundu marefu yaliyopangana kuzunguka kiini, kama mabomba. Hewa iliyovutwa juu ya ardhi hushuka kwa mabomba hayo hadi kwenye ncha ya mzizi. Matundu hayo ni seli zilizojiua ili nyingine zipumue.

Anayetoa amri ya kujiua ni gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi. Mama anayevumbika mkungu wa ndizi na kuufunika kwa majani haongezi kitu. Anazuia gesi inayotolewa na ndizi zenyewe isitoroke. Maji hufanya hivyohivyo kwa mzizi. Ethilini ambayo kwa kawaida ingepotelea hewani hunaswa na maji, hujikusanya, na mzizi hubadilika. Jambo hilo lilithibitishwa kwa mahindi mwaka 1979 na Malcolm Drew na wenzake katika maabara ya Letcombe, Uingereza. (Drew huyu na yule wa kilevi hawana uhusiano, mmoja ni kwa jina lake, mwingine kwa jina la ukoo.) Ethilini hiyohiyo huchipusha mizizi mipya kwenye vifundo vya shina vilivyo karibu na uso wa maji, ambako hewa haijaisha.

Ila ufundi huu hutaka muda. Ethilini yenyewe haitengenezwi bila oksijeni kidogo, hivyo maji yanayopanda taratibu huupa mhindi nafasi ya kujiandaa, na gharika ya usiku mmoja haiupi. Tena mhindi wenye majani chini ya sita bado umeficha kiini cha ukuaji ardhini. Majani yakielea juu ya maji, mkulima hutumaini; lakini kilichozama ndicho chenye uhai.

Sasa tutie chumvi.

Mhindi si mmea wa chumvi. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa jinsi maji yake yanavyopitisha umeme, kwa kipimo cha desisimensi kwa mita. Kwa majedwali yanayotumika sana, mavuno ya mahindi huanza kupungua kipimo kikivuka 1.7, na kila nukta nzima inayoongezeka huondoa asilimia 12 hivi. Mpunga huanza kuumia kwenye 3, pamba karibu na 7.7, shayiri kwenye 8. Maji ya bahari ni takriban 50. Kwa hiyo kinachouumiza mhindi ni chumvi ambayo ulimi hauwezi hata kuihisi.

Maumivu hayo yana awamu mbili. Mwanzoni mmea hushikwa na kiu huku umesimama kwenye unyevu, kwa sababu chumvi huyashikilia maji yasiingie mzizini. Majani mapya hudumaa, rangi ikawa ya kijani iliyokolea, yenye ubluu. Baada ya wiki kadhaa huja sumu. Sodiamu hufanana na potasiamu kwa umbo na tabia, ikapita milango isiyo yake, ikapanda na maji hadi majanini na kubaki huko maji yanapokauka. Majani ya zamani huanza kuungua ncha na kingo. Wengi hudhani ni njaa ya mbolea na kukimbilia dukani. Kuna njia ya kutofautisha: jani lililokosa naitrojeni, jambo linalotokea sana shamba likituama maji, huwa na manjano inayoanzia nchani na kufuata uti wa kati, mfano wa herufi V. Chumvi huanzia pembeni.

Mhindi haukai kimya. Mzizi wake husukuma sodiamu nyingi irudi udongoni, na iliyopenya hunyakuliwa njiani kabla haijafika majani. Mwaka 2018 watafiti wa China walieleza jeni moja inayofanya kazi hiyo ya unyakuzi. Mbegu ambazo jeni hiyo imeharibika hujaza sodiamu majanini. Kazi yote hii ni kama ya baharia anayekumba maji katika ngalawa inayovuja. Maadamu ana nguvu, chombo kinakwenda.

Na nguvu hizo hutoka wapi? Kwenye upumuaji wa mzizi. Hapa ndipo maji na chumvi vinapokutana, na hapa ndipo washauri wengi wa kilimo huteleza, wanapovitibu kama magonjwa mawili. Mwaka 1985 Malcolm Drew, safari hii akiwa na André Läuchli wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwekea mizizi ya mahindi machanga maji yenye chumvi kidogo, kisha akaiondolea oksijeni. Mizizi yenye hewa iliizuia sodiamu vizuri. Iliyokosa hewa iliiachia ipande hadi majanini, na potasiamu ikapungua. Baharia amechoka; bahari ni ileile, ila sasa inaingia.

Shambani mambo haya mawili huzaliwa pamoja. Tambarare za Kahe, chini ya Moshi, zina mashamba ambayo wakulima huyaita ya magadi. Mkondo wa matatizo haya kwenye ardhi ya kumwagilia unajulikana. Maji huletwa kwa mifereji, lakini mifereji ya kuyatoa haichimbwi au huziba. Maji ya chini ya ardhi hupanda hadi karibu na mizizi. Jua huyavuta juu, yakayeyuka hewani na kuacha chumvi. Mwenye shamba huona unga mweupe juu na tope chini.

Dawa inayotajwa sana ni jasi, na Kilimanjaro haina haja ya kuagiza mbali, maana huchimbwa Makanya, wilayani Same. Jasi huleta kalisi, kalisi huiondoa sodiamu kwenye chembe za udongo, na udongo ulioshikamana kama saruji huanza kupitisha maji. Lakini sodiamu iliyoondolewa lazima ioshwe iende mahali. Bila mtaro wa kuitolea, jasi ni fedha iliyozikwa. Mtaro kwanza, jasi, samadi na mbolea baadaye.

Wengine hutafuta dawa ndani ya mbegu yenyewe. Huko Nikaragua kuna jamaa wa porini wa mahindi, *Zea nicaraguensis*, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2000. Huota kwenye tambarare za pwani ya Pasifiki zinazofurika, na mizizi yake ina mabomba ya hewa tayari, hata kabla ya mafuriko, pamoja na ngozi ya nje inayozuia oksijeni isivuje njiani. Mahindi ya kawaida hayana ngozi hiyo. Watafiti wa Japani wamehamishia kipande cha kromosomu namba 3 ya mmea huo kwenye mahindi, na ngozi ikajitokeza.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, mkulima wa kumwagilia ana jambo dogo la kufanya na jembe lake. Kwenye matuta, maji hupanda kutoka mifereji ya pande zote mbili, yakakutana kileleni na kuacha chumvi yote hapo. Anayepanda mbegu katikati ya tuta, kama alivyofundishwa, huiweka penye chumvi kali kuliko shamba zima. Jirani yake aliyeshuka ubavuni, nusu ya njia kuelekea mferejini, huwa na mistari ya mahindi ya kijani huku kilele cha tuta lilelile kikimeta weupe, hakuna kilichoota.