Kano za mkono zikishashonwa

Siku za Iddi ya kuchinja, visu vinapopita mikono mingi, majeraha ya viganja na vidole hayakosekani. Kisu kikizama huweza kukata kano, yaani zile kamba nyeupe zinazovuta vidole vikunjike, ambazo wengi wetu tunaziita mishipa. Daktari akishazishona, watu wa nyumbani huona kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza.

Kano iliyoshonwa ukiiacha tuli hugandana na nyama za jirani, kidole kikabaki kigumu. Ukiitumia kwa nguvu, mshono unakatika. Wiki tatu za mwanzo ndizo za hatari zaidi, kwani mahali pa mshono hulainika kwanza kabla ya kukaza. Kwa hiyo mgonjwa hufungwa banzi upande wa nyuma wa mkono, kwa kawaida wiki sita hivi, vidole vikiwa vimeinama. Na humo humo ndani ya banzi hufundishwa mazoezi. Mkono mzima hukikunja taratibu kidole kilichoshonwa, kisha chenyewe hunyooka mpaka kiguse banzi, basi. Afuate idadi aliyopewa hospitali, si ya jirani.

Tatizo ni kwamba ngozi hupona mapema. Mtu akiona kidonda kimekauka na hasikii maumivu, analivua banzi na kubeba ndoo. Kina mama nao hawavumilii kuona nguo hazijafuliwa na nazi haijakunwa! Mpokeeni kazi hizo. Kazi nzito kwa kawaida husubiri hadi wiki ya 12.

Wengine hulivua kwa ajili ya udhu. Ndugu zangu, msilivue. Kupangusa juu ya jabira kumeruhusiwa, na kwa sisi Mashafi kuna na suala la tayammum, hivyo amuulize shekhe wake. Kwenye sijda asiegemee kiganja kile wala kujisukumia nacho anapoinuka, kwani uzito wa mwili ukikikunjua kifundo na vidole unatosha kukata mshono.

Sigara nayo aiache, inapunguza damu vidoleni.

Kidole kilichokuwa kikikunjika kikigoma ghafla, hata bila maumivu, arudi kwa daktari aliyemshona siku hiyo hiyo. Kano iliyokatika hurudi nyuma na kusinyaa, na kila siku inayopita kuishona tena kunakuwa kugumu zaidi.